Mkanda wa Ngozi ya Ngamia

Barua kutoka Uingereza ilifika Habaswein siku ya Jumatatu, katika msafara wa malori yaliyosindikizwa na askari, na Murithi alipoisoma alitamani kuibusu.

Usimcheke. Mtu aliyekaa miezi kumi na saba akingoja kuambiwa kwamba kazi yake imekufa ana haki ya kuibusu karatasi iliyomwambia hivyo. Murithi alikuwa fundi wa mitambo wa Idara ya Ujenzi, mzaliwa wa Nkubu kule Meru, na mwaka 1965 alipandishwa lori kwenda kaskazini mashariki kwa kile kilichoitwa miezi mitatu. Sasa ilikuwa Januari 1967. Vita kati ya serikali na waasi vilikuwa bado vinaendelea, barabara ya Garissa ilikuwa na mabomu ya kutegwa, na hiyo miezi mitatu hakuna mtu ofisini aliyekumbuka kuimaliza.

Kilichomkwamisha Habaswein ni mashine moja. Ilikuwa mashine ya kukata nyasi, ile ya kukalia, yenye kiti cha chuma kilichotobolewa matundu na usukani mwembamba, na mbele yake visu vitano vilivyojipinda kulizunguka pipa jembamba. Mkoloni mmoja aliileta, akaipenda kuliko watu, kisha Uhuru ulipokuja akaondoka akaiacha. Kazi yake ilikuwa uwanja wa ndege. Mgeni angeuliza, nyasi zipi hizo za kukatwa Habaswein? Lakini uwanja ule ulikuwa katika bonde ambalo maji hutuama, na mvua za vuli zikinyesha sawasawa nyasi hupanda hadi magotini na kuficha mashimo na vichuguu. Rubani asipoiona ardhi hatui, na ndege isipotua hakuna dawa, hakuna barua, hakuna mshahara. Kwa hiyo mashine ilihitaji fundi wake, na fundi wake alikuwa Murithi.

Mwanzoni mwa Desemba mkanda ulikatika. Namaanisha ule mkanda mpana wa ngozi unaochukua nguvu kwenye injini na kuipeleka kwenye visu. Injini ilikuwa nzima, magurudumu mazima, visu vikali, lakini bila mkanda ilikuwa gari la kuzurura tu uwanjani bila kukata hata unyasi mmoja. Murithi alijaribu turubai la hema, likachanika. Alijaribu mpira wa tairi kuukuu, ukavutika na kulegea. Mkanda wa feni ya lori ulikuwa mfupi mno. Akaandika kiwandani kupitia Nairobi, na Nairobi ikajibu mapema kuliko kawaida yake: kiwanda kikithibitisha kwamba kipuri hakipo, mashine ifutwe katika orodha ya mali ya serikali, na fundi arudishwe karakana ya Meru. Sentensi hiyo ya mwisho Murithi aliisoma mara nyingi mpaka karatasi ikaanza kuchanika kwenye mikunjo.

Na sasa kiwanda kilikuwa kimethibitisha. Mashine za aina ile waliacha kuzitengeneza mwaka 1949, vipuri vilikwisha, na mzee aliyejua vipimo vya mikanda yake alikwisha kustaafu. Walisikitika sana. Ili kumfariji walimtumia picha ya rangi ya mashine yao mpya, nyekundu, na mwanamke wa Kizungu amekaa juu yake akicheka.

Murithi alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Ndirangu, mkubwa wake, mtu wa Nyeri mwenye tumbo la heshima na moyo mwema, ambaye kasoro yake ilikuwa moja tu: alipenda fomu. Ndirangu aliisoma barua, akavua miwani, akampa mkono.

"Umeshinda, bwana! Jumamosi ndege ikitua, wewe panda. Fomu ya kufuta mashine nitaijaza Ijumaa."

"Itatuaje na nyasi zile?"

"Kapteni amesema zichomwe. Ijumaa saa tatu asubuhi askari watatia moto uwanja wote. Kufikia Jumamosi majivu yamepoa."

Murithi alicheka kwa furaha. Alirudi kwenye kibanda chake akamwandikia mkewe Gacheri barua ya mistari mitano, kisha akaichana, kwa kuwa yeye mwenyewe angefika kabla ya barua. Gacheri alikuwa na binti ambaye Murithi hajamwona. Alizaliwa miezi miwili baada ya yeye kuondoka, akaitwa Kagendo, na katika barua ya mwisho Gacheri aliandika kwamba mtoto anatembea sasa, na kwamba kila mwanamume anayepita njiani yeye humwita baba. Hakuandika kwa ubaya. Aliandika tu, na Murithi alilala na maneno hayo siku nyingi.

Jioni ile ile Batula alikuja na maziwa. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mkavu, mwenye mikono migumu, na riziki yake ilikuwa kusuka kamba na mikanda ya kufungia mizigo juu ya ngamia. Tangu kapteni wa kikosi cha pale awaamuru wafugaji wote wakae katika kijiji kimoja kando ya kituo, pasiwe na mnyama wa kupita maili moja kutoka hapo, ngamia wa kubebeshwa mizigo walikuwa hawaendi popote na kamba hazikuwa na mnunuzi. Ndani ya ile maili moja udongo ulikuwa umebaki mtupu. Batula alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja mwaka jana. Sasa alikuwa na mmoja, mweupe, na kila asubuhi alimwinua kwa kumshika mkia.

"Fundi, maziwa ni hii tu," alisema, akamwonyesha maziwa yasiyofika hata nusu kikombe. "Usikasirike. Ng'ombe yangu nakula karatasi, wallahi, nimeona na macho yangu."

"Sijakasirika, mama."

"Watu nasema mtachoma nyasi ya ndege. Ni kweli?"

"Ni kweli. Ijumaa."

Batula aligeukia nje. Kutoka pale mlangoni uwanja ulionekana wote, nyasi zimesimama kavu, za rangi ya dhahabu, ng'ambo ya waya wa miiba. Wanyama arobaini na kitu wa kile kijiji walishinda wamesimama upande wa huku wa ule waya wakizitazama. Kukata kwa mikono hakukuruhusiwa, maana kapteni hakutaka panga hata moja lionekane karibu na uwanja, na askari wake walisema hawakuandikwa jeshini kufyeka.

"Na ile mashine yako?"

"Imekufa, mama. Mkanda umekatika, na wenyewe Uingereza hawautengenezi tena."

"Nibe nione."

Alimletea ule mkanda wa zamani, ukiwa vipande viwili. Batula aliugeuza, akaunusa, akaukunja, akang'ata ncha yake. Kisha akacheka cheko la kweli, la kwanza ambalo Murithi alilisikia kwake.

"Hii? Hii ni ngozi ya ng'ombe, tena ng'ombe mgonjwa. Yaani Waingereza wote wale, na ndege, na bunduki, wameshindwa na mshibi?" Alimaanisha mshipi, yaani mkanda.

Murithi naye akacheka, na hapo ndipo alipojiponza. Angeweza kumwambia habari ya barua, ya Jumamosi, ya Kagendo anayeita kila mtu baba. Hakumwambia. Alimweleza tu kwamba mkanda lazima uwe bapa, unene sawa kila mahali, na usivutike. Batula alipima vile vipande viwili kwa mkono wake, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, akahesabu kwa Kisomali, akaenda zake bila kuaga.

Jumanne asubuhi alikuwa ameloweka ngozi ya ngamia kisimani. Ngozi hiyo ilitoka kwa ngamia wake wa mwisho, aliyekufa Oktoba, na alikuwa ameiweka akingoja siku ya kuihitaji. Murithi alimkuta amekaa chini, miguu imenyooka, anaikata kwa kisu kidogo nyuzi ndefu ambazo hazikutofautiana hata kwa upana wa ukucha. Alitaka kumwambia aache. Badala yake alikwenda kwa Ndirangu akamuuliza, kama kwa kutaka kujua tu, nyasi zikikatwa ni za nani.

Ndirangu alifikiri sana, maana swali lilikuwa zuri. "Zikiwa zimesimama ni mali ya jeshi," alisema. "Zikilala chini ni takataka. Takataka anayetaka achukue. Kwani vipi? Si nilidhani wewe unafunga sanduku?"

"Nafunga," alijibu Murithi.

Na kweli alifunga sanduku siku ile. Kisha, kwa kuwa fundi hawezi kukaa bure, akaenda bandani kuitazama mashine. Aliondoa rola ya mbele ambayo ingezilaza nyasi ndefu kabla hazijafikiwa na visu. Aliinua visu vidole vinne. Bushi moja, pete inayoshika mhimili wa visu, ilikuwa imelika, nayo pia haikuwa inatengenezwa tena, basi akachonga nyingine kwa mti mgumu wa pale pale, akaichemsha katika mafuta ya injini, ikaingia kama iliyozaliwa humo. Alijiambia anafanya hivyo kupitisha wakati. Watu hujiambia mengi.

Jumatano jioni mkanda ulikuwa umesukwa. Nyuzi nane, bapa, umevutwa kati ya nguzo mbili na kuning'inizwa mawe, na jua la kutwa nzima lilikuwa limeukausha na kuukaza. Murithi aliupigapiga kwa kidole. Katika miaka yake kumi na miwili ya ufundi hakuwahi kupewa kipuri kilichofanywa vizuri namna ile, na hilo lilimfurahisha na kumuumiza kwa pamoja.

"Kesho asubuhi nitakuletea," Batula alisema. "Leo bado, haijamaliza."

"Imebaki nini? Nipe hivi hivi."

"Toka hapa," alisema Batula, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alhamisi saa mbili alimletea. Mkanda uling'aa. Ulikuwa laini, unapinda bila mlio, na ulinukia nyama choma ya sikukuu. Batula alikuwa ameusugua mafuta ya mkia wa kondoo kuanzia ncha hadi ncha, na yale mafuta aliyaomba kwa jirani yake Nunow, kwa sababu yeye hakuwa na kondoo tena. Kwao, mwanamke akitoa mikononi mwake kamba ya ngozi kavu, isiyopakwa mafuta, ni kama amemtandikia mgeni mkeka wenye vumbi. Mafuta ndiyo heshima ya kamba. Mwezi huo alikuwa hajala mafuta yeye mwenyewe, ila mshipi wa serikali ulikula.

Sasa hapa nitasema jambo ambalo Murithi hakulisema kwa mtu hadi alipozeeka. Aliyaona mafuta. Aliyaona, na mkono wake ukayagusa, na fundi yeyote aliyewahi kupita karibu na kinu cha kusaga mahindi anajua kwamba mkanda wenye mafuta hautashika pulia, lile gurudumu unalozungukia. Alijua. Lakini alisema, "Asante, mama, ni mzuri sana," akaufunga vile vile. Upande mmoja wa moyo wake ulisema hataki kumvunja mwanamke mbele ya wenzake. Upande wa pili ulikuwa umeshapanda ndege.

Ndirangu alikuja kutazama, na nyuma ya waya wakaja wanawake wa kijiji na magunia yao na shuka zao kuukuu. Murithi aliwasha injini. Ikakohoa, ikashika. Akakaa kwenye kiti cha chuma, akasukuma wenzo, na mkanda ukateleza. Pulia ilizunguka ndani ya ngozi kama kidole ndani ya samli, visu vikajigeuza nusu duara, vikasimama. Alijaribu tena. Moshi ukatoka, na harufu ya mkia wa kondoo unaoungua ikaenea uwanja wote. Askari wawili waliokuwa zamu wakashikana mbavu.

"Basi, bwana," Ndirangu alisema kwa upole. "Umejaribu. Hakuna atakayesema hukujaribu. Kesho saa tatu moto, na fomu yangu nitaijaza leo hii."

Ndivyo ilivyokuwa. Murithi alikuwa ameshika kila alichokitaka. Mashine imekufa kwa haki, mbele ya mashahidi, na yeye alikuwa amejaribu. Alichotakiwa kufanya ni kuzima injini, kunawa mikono na kungoja Jumamosi. Akazima injini.

Nyuma ya waya wanawake walikuwa wameanza kukunja magunia. Mmoja alimwambia Batula neno kwa Kisomali, wengine wakacheka kidogo, kicheko cha watu wenye njaa wanaotafuta wa kumlaumu. Batula aliwapita. Alisogea mpaka kwenye waya akamwita Ndirangu, na sauti yake ilikuwa kavu.

"Bwana mkubwa. Mashine ya fundi ni mzima. Mshibi ndio mbaya. Ni mkono yangu. Andika hifyo kwa karatasi, usiandike fundi."

Ndirangu, maskini, alitoa kalamu kweli.

Murithi aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu utotoni. Haikuwa huruma, na wala haikuwa wema, usimpambe bure. Ilikuwa aibu tupu, ya moto, ya mtu aliyeona kazi bora kuliko zote alizowahi kupewa ikiitwa mbaya, na mwenye kazi akikubali, ilhali yeye alijua.

"Mkanda ni mzuri," alisema kwa nguvu, ili na wale wanawake wasikie. "Hakuna mkanda mzuri kama huu hata Nairobi. Kosa ni langu. Niliyaona mafuta nikanyamaza. Nipe mpaka kesho saa tatu."

Ndirangu alimvuta kando. "Murithi, una wazimu? Ikifanya kazi siwezi kuifuta. Nisipoifuta, wewe hurudi. Sheria haina njia ya katikati, na mimi siwezi kuandika imekufa huku inanguruma dirishani kwangu."

"Najua."

"Mkeo je?"

"Nimesema najua, mzee," Murithi alisema, akaanza kuufungua mkanda.

Mchana ule walikaa chini ya kivuli cha banda, fundi na msusi, wakiuosha mkanda. Walianza na majivu moto, wakasugua mchanga, wakarudia majivu, mpaka ngozi ikaacha kung'aa na Batula akaanza kusikitika.

"Sasa imekuwa uchi," alisema.

"Ndivyo inavyotakiwa. Na tena inataka kitu cha kunata. Kwetu kwenye vinu vya mahindi huipaka mikanda ulimbo wa misonobari. Huku misonobari iko wapi?"

"Kitu ya kunata?" Batula alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeomba maji akiwa mtoni. "Fundi, mti yote ya huku natoa gundi. Chombo ya maziwa ikibasuka unafikiri nazibana na nini? Na sala?"

Alirudi na kitambaa kilichofungwa madonge ya manemane, ya rangi ya kahawia, machungu kwa harufu. Waliyasaga, wakayayeyusha polepole katika kopo juu ya makaa, wakaupaka mkanda upande wa ndani, safu nyembamba, ikakauka, safu nyingine. Batula hakuuliza Ndirangu alisema nini kule kando, na Murithi hakumwambia. Batula alimuuliza tu kama ana watoto. Murithi akasema anao wawili wa kiume na mmoja wa kike.

"Huyo wa kike nafanana na nani?"

"Sijui," alijibu Murithi. "Bado sijamwona."

Batula aliinua kichwa, akamtazama. "Allah atakuonyesha," alisema, akaendelea kupaka.

Ijumaa saa mbili na nusu askari sita walikuwa wamesimama uwanjani na madebe ya petroli. Murithi alifunga mkanda, akawasha injini, akakaa. Alipousukuma wenzo ulitoka mlio mkali kama wa paka aliyekanyagwa, harufu ya manemane ikapanda, kisha mlio ukakoma na visu vikaanza kuzunguka. Vilizunguka mpaka havikuonekana tena. Mashine ikaingia nyasini, na nyasi zikaanza kulala nyuma yake mstari mrefu.

Wanawake hawakungoja kuambiwa. Waliingia kwenye lango kwa mbio na magunia, wakafuata nyuma ya mashine wameinama, wakipiga vigelegele, wakigombana nani aanzie wapi. Kapteni alikuja na gari lake, akatazama, akauliza nani kawaruhusu hawa, na Ndirangu akamweleza kwa kirefu tofauti kati ya mali ya jeshi na takataka mpaka kapteni akachoka akaondoka. Wale askari wenye madebe walikaa juu ya madebe yao. Kutwa nzima Murithi alikwenda na kurudi. Mara nne alisimama kupaka gundi zaidi, lakini mkanda haukukatika wala kulegea. Alipomaliza, jua lilikuwa limeinama, uwanja ulikuwa umenyolewa wote, na nyuma ya waya kila mnyama wa kile kijiji alikuwa ameinamisha kichwa anakula. Ng'ombe mweupe wa Batula alikula amelala, maana hakuweza kusimama, na Batula alikuwa amekaa kando yake akimtilia mdomoni konzi kwa konzi.

Murithi aliteremka kwenye kiti, akaenda nyuma ya banda akalia. Alilia vizuri, kwa muda wa kutosha, kisha akanawa uso.

Jumamosi ndege ilitua saa nne. Rubani, kijana wa Kikamba mwenye haraka, alisema hajawahi kuona uwanja safi namna ile upande wote wa Wajir. Walishusha masanduku ya dawa na gunia la barua. Ndirangu alimletea Murithi karatasi na kalamu yake mwenyewe, ile nzuri, akasema kwa haya kwamba katika ripoti ameandika mashine inafanya kazi na fundi aendelee kubaki nayo, na kwamba amemsifu.

Murithi aliiweka karatasi juu ya boneti ya mashine. Uongo ulikuwa karibu na ulikuwa mtamu. Angeweza kuandika kwamba wakubwa wamekataa. Angeweza kuandika kwamba barua ya kiwanda haijafika, au kwamba vita vimemzuia, na Gacheri angeamini, maana vita vilikuwa vimewazuia watu wengi. Aliandika, "Mke wangu Gacheri, mashine imepona." Akasimama hapo. Rubani akapiga kelele kwamba anaondoka.

Batula alikuwa amefika kwenye waya, na mzigo wa nyasi mgongoni uliomzidi mwenyewe.

"Fundi! Mfua ikinyesha tena nyasi natoka tena. Wewe utakuwa hapa?"

"Nitakuwa hapa, mama."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake na mzigo wake. Alidhani amempa fundi habari njema.

Ndege ilikuwa imeanza kunguruma. Murithi aliinamia karatasi akaandika upesi, kwa herufi kubwa, asije akabadili nia: "Sirudi mwezi huu. Usimlaumu mtu wa ofisi. Ni mimi niliyeitengeneza, na nilijua. Kagendo akiita mtu baba, mwambie siye." Akaikunja, akakimbia, akamtia rubani mkononi kupitia dirishani, na akabaki amesimama pale kwenye nyasi fupi, kofia mkononi, mpaka mlio wa ndege ukaisha.